Kuzoa takataka za bahari Svalbard: boti ya kurudi kwanza, kiroba baadae

Kila nikituma nyumbani Tanga picha ya viroba vimepangwa ufukweni na nyuma yake barafu limeshuka mpaka baharini, naulizwa maswali mawili tu. La kwanza, hivi huko kuna nani wa kutupa takataka? La pili, mnaokotaje na hiyo baridi? La kwanza ni jepesi, hamna mtu, zinakuja zenyewe na maji. La pili ndo limenifanya nikae niandike, kwasababu kiukweli kuokota ndo kazi ndogo kuliko zote. Kazi ni kuzitoa pale.

Kwa asiyepajua, Svalbard ni visiwa vya Norway vilivyo kati ya Norway bara na ncha ya kaskazini, latitudo 74 mpaka 81, mti hamna hata wa kuegemea, na kama theluthi mbili ya nchi kavu ni hifadhi. Mji wetu ni Longyearbyen, watu kama 2,500 hivi, mimi nipo hapa mwaka wa tano nafanya usafi hotelini. Wengi wanauliza visa nilipataje, jibu ni kwamba kutokana na mkataba wa mwaka 1920 huku hakudaiwi visa wala kibali cha kuishi, ila lazima upite Norway bara kwa hiyo visa ya Schengen, ile ya nchi nyingi za Ulaya, unaihitaji na iwe ya kuingia zaidi ya mara moja, la sivyo unafika huku halafu kurudi inakuwa kesi, na uwe na kazi na pa kulala maana asiyejimudu anarudishwa. Haya, turudi kwenye takataka.

Kuna mkondo wa maji ya vuguvugu unatoka Atlantiki, unapanda na pwani ya Norway mpaka huku juu, na Bahari ya Barents ipo hapohapo jirani na huko meli zinakokota nyavu mwaka mzima. Kwa hiyo kinachotua kwenye fukwe zetu ni vipande vya nyavu, kamba za kila rangi, maboya, maboksi ya samaki, madumu, mikanda ya plastiki ya kufungia katoni, na zile nyuzinyuzi za bluu na machungwa ambazo wavuvi wanazifunga chini ya wavu ili usichubuke unapoburutwa. Chupa za maji na vifuniko vipo, ila ukipima kwa kilo, mali ya uvuvi inafunika vyote. Ndo maana mtu aliyezoea kusafisha ufukwe wa kwetu kwa kuinama na kuokota chupa akija huku anapigwa na butwaa, maana kitu cha kwanza anachokutana nacho ni wavu uliofukiwa na kokoto wenye uzito wa ng'ombe.

Hatua ya kwanza: jua viroba vitatokaje kabla hujajua vitajaaje

Nakupa kisa changu. Kiangazi changu cha kwanza tulienda watu tisa, ghuba moja upande wa kaskazini, tukateremshwa na boti ya mpira kutoka kwenye meli ndogo ya tanga. Tulifanya kazi kama punda, viroba 31, mimi ndo nilikuwa naandika namba kwa maka peni nyeusi na kila kiroba nakipiga picha kama mtoto wangu. Saa tisa upepo ukageuka, mawimbi yakaanza kupiga palepale tuliposhukia, nahodha akasema kwenye redio wanapanda watu tu, mizigo hapana. Tukavisogeza viroba juu, tukaweka mawe, tukasema tutavifuata wiki ijayo. Wiki ijayo meli ilikuwa na kazi nyingine, iliyofuata ukungu, iliyofuata msimu umeisha. Mwaka uliofuata tumerudi palepale, viroba vimeoza kwa jua, mbweha wamechana, dhoruba imemaliza, nyuzi zimetapakaa mpaka kwenye majani ya juu ambako mwanzo hazikuwepo. Nikaokota kipande cha kiroba kimeandikwa 14 kwa mwandiko wangu. Yaani tulikuwa tunaokota takataka zetu wenyewe.

Tangu siku ile mwenye boti namuuliza mambo matatu kabla sijamuuliza bei. Boti yako inabeba kilo ngapi kwa safari moja ikiwa na watu ndani? Upepo ukifika ngapi hutui ufukweni? Na bandarini nani anapokea mzigo? Akijibu la kwanza na la pili halafu la tatu akasema tutaangalia, mimi siendi. Sisi tumejiwekea kwamba upepo ukiwa mita 8 kwa sekunde na unavuma kuelekea ufukweni hatushuki kabisa, hata jua liwake namna gani.

Jingine, piga hesabu ya safari za boti ndo upate idadi ya viroba, usianze na viroba ndo utafute safari. Kama boti inaweza kwenda mara nne tu kabla maji hayajaharibika, basi mzigo wako ni wa mara nne, kikijaa cha mwisho unafunga kazi hata kama mbele unaliona boya zuri la rangi ya chungwa linakukonyeza. Inauma, ila takataka iliyolala ufukweni ikiwa nzima ina nafuu kuliko iliyokusanywa ikaachwa.

Ruhusa

Mkuu wa serikali huku anaitwa Sysselmesteren, ofisi yake ndo polisi, ndo mazingira, ndo uokoaji, kila kitu. Hata usafishaji usijipeleke tu. Ofisi hiyo kila kiangazi ina safari zake za kusafisha na huwa wanachukua watu wa kujitolea, wakazi tunaomba nafasi, kwa hiyo kama unaishi huku hiyo ndo njia nyepesi kuliko zote, chakula chao, boti yao, walinzi wao. Ukiwa mtalii kwenye zile meli za kutembelea Aktiki, nyingi zinabeba viroba na waongozaji wanakuokotesha kidogo kila mnaposhuka, usidharau, huo mzigo unafika bandarini kweli.

Ukitaka kuandaa ya kwenu, hela ya mafuta na boti unaweza kuomba kwenye mfuko wa mazingira wa Svalbard, ambao unajazwa na zile kroner 150, hela ya Norway, anazokatwa kila mgeni kwenye tiketi tangu 2007. Fomu ni ndefu na ni ya kueleweka, wanataka kujua wapi, lini, mtatoa vipi. Unaona hilo swali la mtatoa vipi linavyorudi.

Angalia ramani vizuri maana kuna maeneo huruhusiwi kukanyaga. Hifadhi za ndege zimefungwa kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti, na tangu 1 Januari 2025 sheria zimekazwa zaidi, ndani ya maeneo ya hifadhi meli za watalii zinashusha watu kwenye sehemu maalumu zilizoorodheshwa tu. Kuwa na nia njema hakukupi msamaha, faini ni faini.

Lini

Katikati ya Julai mpaka mwanzo wa Septemba. Kabla ya hapo fukwe nyingi bado zina theluji au barafu ya bahari inaziba njia, baada ya hapo giza na dhoruba zinaanza. Longyearbyen jua halizami kabisa kuanzia karibu 20 Aprili mpaka 23 Agosti, na hiyo ina mtego wake, mwili haujui saa. Mnaanza saa nne asubuhi, mnaokota, mnacheka, mtu anaangalia saa ni saa tano usiku na jua lipo palepale, kesho yake wote mmekufa miguu. Wekeni saa ya kumaliza na mtu wa kuisimamia.

Nguo, na kipimo cha zipu

Julai joto la mchana linacheza nyuzi 5 mpaka 8, mtu wa Njombe atasema mbona kawaida. Sio kawaida, kwasababu utakuwa umelowa, umeinama, na upepo unatoka kwenye barafu. Jinzi na fulana ya pamba acha hotelini, pamba ikilowa haikaushiki na inakunyonya joto. Vaa sufu mwilini, juu yake sweta la sufu, juu kabisa koti na suruali ya mvua ya plastiki nzito kama ya wavuvi, maana nyavu zina maji machafu na harufu ya kuoza ambayo kitambaa kizuri kikiishika haitoki. Miguuni gambuti zenye nafasi ya soksi mbili. Kwenye boti unavaa ile ovaroli kubwa ya kuelea, ukifika nchi kavu unaivua na kuiweka juu ya jiwe, sio kwenye mchanga.

Glavu ndo roho ya kazi. Za sufu nyembamba ndani, za mpira mgumu nje, na jozi ya pili kavu ndani ya mfuko wa nailoni kifuani. Wa kwanza kulowa glavu ndo wa kwanza kuomba kurudi kwenye boti.

Kipimo chetu ni hiki: kila saa moja kiongozi anapita anamwambia kila mtu afunge na kufungua zipu ya koti lake bila glavu. Anayeshindwa, anakaa chini nyuma ya gogo lililoletwa na maji, chai ya sukari nyingi, glavu kavu, kofia. Akianza kubwabwaja, kujikwaa hovyo au kusema yeye yuko poa tu halafu hatetemeki tena, hapo ni hatari, mvue vilivyolowa, mfunike, muweke kwenye kitu kikavu na muite boti. Usimsugue mikono na miguu, na pombe usimpe hata kama anaidai.

Dubu

Nje ya makazi sheria inataka muwe na vifaa vya kumfukuza dubu mweupe, na ofisi inashauri bunduki pia. Bunduki inaombewa kibali, sio unaazima tu kwa jirani. Mwezi Agosti 2020 dubu alimuua mtu kwenye eneo la kambi karibu kabisa na uwanja wa ndege wa Longyearbyen, sio porini huko, pale watu wanapiga hema. Kwa hiyo hapa hakuna utani.

Kanuni ni fupi: mlinzi haokoti. Nasema tena maana kila safari kuna mlinzi mwenye moyo mzuri anayeona aibu kusimama tu wenzake wakihangaika. Akiinama ameacha kuwa mlinzi. Anasimama sehemu ya juu, ana darubini, ana bastola ya fataki, bunduki yake risasi haiko kwenye chemba, na mnabadilishana kila nusu saa kwasababu kusimama kwenye upepo kunachosha kuliko kubeba. Kundi la watu kumi sisi tunaweka walinzi wawili, mmoja kila upande wa ufukwe.

Kabla hamjashuka nahodha anapita na boti taratibu mbele ya ufukwe wote, mnaangalia nyuma ya marundo ya magogo, maana dubu akilala pale ni jiwe la njano tu. Mkimuona hamshuki. Mkimuona mkiwa kazini mnaacha kila kitu mnarudi kwenye boti. Sheria ya sasa ni kukaa mita 300 au zaidi, na kuanzia 1 Machi mpaka 30 Juni ni mita 500, na kumfuata ili umpige picha ni kosa. Ukungu ukishuka mpaka mlinzi haoni mwisho wa ufukwe, kazi imeisha. Na msiache ngozi ya ndizi wala ganda la yai, kula mnakula kwenye boti.

Kuna na huyu buabua wa Aktiki, kandege kadogo kanakoruka mpaka upande wa pili wa dunia kila mwaka na kurudi, kakiwa na kiota kanakuja na mdomo moja kwa moja utosini. Nyoosha fimbo juu ya kichwa, kanagonga fimbo, na rudi ulikotoka maana umeingia kwenye mayai yake. Mbweha aliyekufa usimguse kabisa, huku kichaa cha mbwa kipo.

Mkishafika, msiokote

Dakika 20 za kwanza mnatembea tu. Wawili wawili, mmoja kwenye mstari wa mwani ulioachwa na maji ya leo, mwingine juu kabisa kwenye mstari wa dhoruba, ule wenye magogo. Mali nyingi iko huo wa juu. Wageni wote wanakimbilia chini kwenye maji kwasababu ndiko kunakotembeka. Mkirudi mnaambizana: kuna nyavu ngapi, ipi imefukiwa, kuna mapipa ya mafuta, kuna kibanda cha zamani, ndo mnagawana.

Pipa lililofungwa na lenye kitu ndani, mtungi wa gesi, fataki za meli, chochote kinachofanana na risasi au bomu, hamgusi. Picha, alama ya GPS, taarifa kwa Sysselmesteren.

Vya kuacha (hapa ndo watu wanaharibu)

Huku kila kitu kilichoachwa na binadamu kabla ya mwaka 1946 kinalindwa na sheria moja kwa moja, bila kibao, bila uzio, pamoja na mita 100 kukizunguka. Yaani kipande cha ubao kilichooza kinaweza kuwa mali ya makumbusho na wewe unakiona kuni. Waholanzi walikuwa wanachemsha mafuta ya nyangumi huku kwenye kambi ya Smeerenburg tangu karne ya 17, wakaja Warusi, wakaja wawindaji wa Norway, na kila mmoja ameacha misumari, matofali, makaburi, mitego ya mbweha, mifupa ya nyangumi na ya walrasi, mnyama mkubwa wa baharini mwenye meno marefu. Mifupa hiyo ya machinjioni nayo inalindwa.

Mimi natumia njia ya msumari. Msumari ukiwa wa mraba, umefuliwa kwa nyundo na mhunzi, achia ubao na sogea. Plastiki haina shida, karibu plastiki yote utakayoikuta ni ya juzi. Shida ni mbao, chuma, kioo, ngozi, na kamba za katani. Boya la kioo la kijani ni zuri sana, najua unalitaka dirishani, ila kama huna uhakika wa umri wake lipige picha liache.

Na magogo je? Fukwe zimejaa magogo meupe yaliyochongwa na maji, mengi yametoka Siberia, yametelemka na mito kama Yenisei na Lena, yakasafiri ndani ya barafu miaka kadhaa mpaka huku. Hizo sio takataka. Wawindaji walijengea vibanda kwa magogo hayohayo, kwenye nchi isiyo na mti. Toa wavu uliojiviringisha kwenye gogo, gogo liache lilale.

Wavu

Sasa tumefika penyewe. Mwaka jana tulikuta kona ya wavu wa kijani imetokeza kwenye kokoto, ukubwa wa kiganja. Kijana mmoja akaivuta, haikuja, akavuta na mwenzake, haikuja, tukachimba kidogo kwa mkono, wavu unaingia chini. Kile kiganja kilitula masaa manne. Na katikati yake tulikuta pembe za reni, wale kulungu wafupi wa huku, zimejifunga matundu kama kumi na fuvu bado limeshikilia. Dume huangusha pembe kila mwaka, kwa hiyo ukikuta pembe peke yake labda mnyama alinusurika, ukikuta na fuvu basi alikaa pale akisubiri. Mfupa wa namna hiyo tunaupiga picha pamoja na rula, tunaandika mahali, taarifa inaenda ofisini.

Namna ya kufanya ni hii. Kwanza tandika turubai upande mnaokatia, kila mkato unaangusha nyuzi na nyuzi hizo zikiingia kwenye kokoto umezalisha takataka ndogo kutoka kubwa. Pili chimbua pembeni ya wavu sio juu yake, kwa sululu na chepe, mpaka uone unaelekea wapi. Usivute kwanza, wavu uliobeba mchanga ni kama kuvuta mashua yenye maji ndani. Tatu kung'uta, yaani watu wanne wanashika kona wananyanyua na kuachia, mara tano sita, utaona mchanga unavyomwagika na wavu unakuwa nusu ya uzito. Nne ndo ukate.

Kisu kiwe na meno, kile cha wavuvi cha kukatia kamba, na kinolewe siku moja kabla. Msumeno unachana nyuzi unamwaga unga wa plastiki, tumia kwenye kamba nene tu ambayo kisu kimeshindwa. Kata kuelekea nje ya mwili, goti lisiwe chini ya mkato, na anayekata awe peke yake kwenye hiyo sehemu. Kipande kiwe cha kubebwa na watu wawili bila kusimama njiani, ukiona mnasimama njiani kipande ni kikubwa. Kama kuna waya wa chuma ndani ya kamba achana na kisu, tafuta mkasi wa bolti.

Kuna watu wanapenda winchi au kuufunga wavu kwenye boti na kuvuta kwa injini. Inawezekana, nimeona ikifanyika, ila kamba iliyokazwa ikikatika inarudi kama mjeledi, na boti nayo inaweza kuvutwa upande. Mkifanya, kila mtu asimame mbali kuzidi urefu wa kamba, na mwenye kusema acha awe mmoja.

Na kuna wavu wa kuuacha. Ukichimba kama mita hivi na ukakutana na ardhi iliyoganda, ni zege ile, haiyeyuki kwa maneno. Kata kilicho juu mpaka usawa wa chini, fukia ncha, andika GPS. Msichimbe shimo kubwa la kubomoa ufukwe kwa ajili ya kilo mbili za nailoni.

Vidogo

Mikanda ya katoni na pete yoyote ya plastiki, ikate papohapo kabla hata ya kuitia kwenye kiroba. Kiroba kikidondoka baharini, angalau ile pete haitamuingia sili shingoni. Plastiki iliyokaa juani imekuwa kama biskuti, usiibane kwa vidole, ingiza kiganja chini uinyanyue pamoja na kokoto halafu ichambue juu ya turubai.

Nyuzinyuzi zile za bluu zinachosha na hazionekani kwenye kilo, mpe mtu mwenye subira asiyependa kubeba. Zina umuhimu wake: watafiti waliwahi kupasua matumbo ya ndege 40 aina ya fulmari waliopatikana Svalbard, karibu tisa kati ya kila kumi walikuwa na plastiki ndani. Fulmari anaokota chakula juu ya maji, kwake uzi na uduvi havina tofauti. Ila vilivyo vidogo kuliko ukucha usijisumbue navyo, utakaa pale mpaka theluji ianguke.

Kufunga na kupakia

Viroba vile vya mchele ndo vizuri kuliko mifuko myeusi ya taka, myeusi inachanika kabla hujafika kwenye maji. Tunajaza mpaka kilo 25 hivi, sio mpaka kijae, maana anayekipokea kwenye boti amesimama kwenye maji ya nyuzi 4 na boti inacheza. Mdomo unafungwa kwa kamba uliyoiokota hapohapo, bure na ipo ya kutosha. Maboya makubwa usiyatie ndani, yafunge kwenye kamba moja kama shanga na yaburute.

Pangeni vyote sehemu moja, karibu na pa kupakilia lakini juu ya alama ya maji, na kumbuka bamvua huku lipo pia hata kama maji hayapandi kama ya Tanga. Wasiovaa gambuti ndefu wasiingie majini, wapange mstari wapokezane. Saa ya mwisho ya siku ni ya kupakia, haiguswi kwa kazi nyingine yoyote. Viroba vizito katikati ya boti na chini, watu pembeni, na boti ya kwanza inaondoka na mzigo wakati hali bado ni nzuri, sio mwishoni wote mnarundikana.

Ikitokea mmeshindwa kabisa kutoa, na inatokea, basi usifanye kama tulivyofanya sisi. Panda navyo juu ya mstari wa magogo makubwa, funika na wavu mkubwa zaidi mliouokota, ufunge kwenye gogo zito, piga picha, chukua GPS, na siku hiyohiyo mkifika kwenye mtandao mwambie Sysselmesteren viko wapi na ni vingapi. Meli yao huwa inapita sehemu nyingi.

Mjini

Bandarini mnapima na kuandika kabla mtu hajaenda kuoga, ukioga umeshalala. Kilo za nyavu na kamba, idadi ya maboya, maboksi, madumu, na maandishi yoyote yanayosomeka, lugha gani, tarehe gani. Hizo takwimu zinaingizwa kwenye mfumo wa Norway wa kusajili usafishaji na ndo zinazotumika serikali ikiulizwa takataka zinatoka wapi. Mwaka 2017 bara kule kisiwa cha Sotra karibu na Bergen nyangumi aliyekwama alikutwa na mifuko ya plastiki kama 30 tumboni, watu wengi Norway wakaamka, lakini mifuko ya dukani ni habari ya kule. Ya huku ni nyavu, na asiyeandika kilo zake hawezi kumbishia mtu wa meli.

Mzigo wenyewe hauishii hapa, kisiwa hakina pa kuuweka, unapakiwa melini kurudishwa kusini. Kwa hiyo chuma kando, nyavu kando, plastiki ngumu kando, na mawe yatoeni, jamani, kuna mwaka tulilipia kusafirisha kokoto.

Kisu kioshe kwa maji baridi na ukipake mafuta usiku huohuo, chumvi ya huku inakula kama ya kwetu. Viroba ambavyo havijachanika visuuze, vianike kwenye kamba nyuma ya nyumba, ukimaliza futa namba za maka peni ili mwakani usichanganye hesabu.